Moshi Ndani ya Chupa Tupu

Vijana wa Bulla Pesa, mna tabia moja inayonichekesha. Mkinikuta mlangoni kwangu nachambua mboga mnanisalimia vizuri sana, huyu "Habari shosho," yule "Salaam aleikum mama," halafu mkishapita kidogo mnaanza kunong'ona: ndiye huyo, yule aliyekuwa anapima tumbo la ngamia kwa sumaku. Nawasikia! Kilichochoka ni magoti, masikio bado ni yale yale.

Sasa wiki iliyopita kulitokea jambo ambalo limenifanya nikae chini niwaandikie. Nitalifikia, msinikimbize. Kwanza mjue kazi yenyewe, maana mnaisimulia ovyo.

Tumbo sikupima. Tumbo ni la daktari wa mifugo. Mimi nilipima chuma. Ndani ya tumbo la ngamia, pale majani yanapochachuka, kuna bakteria wa kila aina, na baadhi yao kazi yao ni kutoa haidrojeni. Wanaitoa kwa kimeng'enya kinachoitwa haidrojenasi, na katikati ya kimeng'enya hicho kuna chembe chache za chuma. Chuma hiki hiki cha jembe na sufuria! Bakteria wengine huongeza na nikeli. Viwandani kazi kama hiyo hutaka platini, madini ya wenye pesa zao, na bakteria anaifanya gizani, tumboni, kwa chuma tu. Ukielewa siri yake, huenda kesho mtu akaiga tukapata nishati isiyo na moshi. Hilo neno moshi liwekeni kando, tutalirudia.

Utakionaje kipande cha chuma kilichojificha ndani ya bakteria? Hapo ndipo sumaku inaingia. Elektroni hupenda kukaa mbili mbili. Ikibaki moja bila mwenzake, inakuwa sumaku ndogo ajabu. Ukiiweka katikati ya sumaku kubwa inajipanga, na ukiirushia mawimbi, ya jamii ile ya kupashia chakula, inageuka. Ikigeuka, mashine inachora mstari wenye vilima. Mahali vilima vinapoangukia panakuambia ni chuma cha namna gani na kimekaa karibu na nani. Zote zikiwa na wenzao, mstari unalala, kimya. Basi. Wasomi huandika vitabu vizima juu ya hayo, lakini mimi nililipwa kwa kujua hayo na kutovunja vioo.

Aliyenifundisha ni Mzee Mutiso, fundi wa mashine hiyo katika chuo kimoja kilicho Nairobi. Mkamba mfupi, mkali, mwenye sweta moja ya kijani aliyoivaa hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alinivua saa, pini za nywele na funguo. Nikamwambia funguo ni za nyumba yangu. Akasema, "Zishike basi." Nikasogea na funguo zangu mkononi, zikaniponyoka, zikaenda kujibandika kwenye sumaku, ta! Mzee akaendelea kunywa chai yake. Tangu siku hiyo niliacha ubishi, au tuseme niliupunguza.

Vitu vyetu vilipimwa vikiwa vimegandishwa kwa nitrojeni ya maji, baridi inayochoma vidole. Ukiwa na kijirija, ule mrija mdogo wa kioo wa kutilia bakteria, chenye ufa, nitrojeni inapenya ndani polepole, na ukikitoa kwenye joto kinapasuka kama fataki. Mutiso alinifundisha kuinama kwanza na kuuliza baadaye. Lakini somo lake kubwa lilikuwa lingine, na alilirudia mpaka likanichosha: "Pima tupu kwanza." Kabla hujaweka bakteria wako kwenye kijirija, pima kijirija kitupu. Nililiona ni kupoteza wakati. Mara moja nilipata kilima kikubwa kizuri kwenye mstari nikapiga vigelegele, haki ya Mungu, nikijua jina langu linaingia kwenye vitabu. Mutiso akachukua kijirija kitupu kutoka kwenye boksi langu, akapima. Kilima kile kile. Lilikuwa ni vumbi la barabara ya Oldonyiro, jekundu, limejaa chuma, nililokuja nalo kwenye mkoba. Alicheka mpaka sweta ikapanda juu ya kitambi.

Ugatuzi ulipoingia na kaunti ikaanza kupata mambo yake yenyewe, tulipewa jengo dogo hapa Isiolo, ghala la zamani lenye madirisha ya juu. Aliyelipigania ni Daktari Guyo, Mborana wa Kulamawe, kijana aliyesoma mbali akarudi na wazo moja tu kichwani. Alisema, "Mama Mwenda, ngamia wako hapa. Bakteria wako hapa. Kwa nini sayansi yao ikae Nairobi?" Mimi Mmeru nilikuwa nimekuja huku kwa kazi ya serikali na nia ya kurudi kwetu. Nikamwangalia yule kijana anavyong'aa macho, nikasema potelea mbali, nakaa.

Mashine yenyewe ilibaki Nairobi, ile haibebeki. Mpango wetu ulikuwa hivi. Tunachota uchafu wa tumbo la ngamia pale machinjioni asubuhi, tunakuza bakteria mmoja tuliyemtaka ndani ya chupa nene za kioo zenye kifuniko cha mpira, tunawakusanya mpaka wanakuwa wazito kama uji, tunawagandisha. Nitrojeni tulipata upande wa Meru, kwa wale wanaopandikiza ng'ombe mbegu. Halafu mimi napanda gari na mtungi wangu katikati ya magoti mpaka kwa Mzee Mutiso.

Adui alikuwa hewa. Kimeng'enya hiki cha chuma kikiguswa na oksijeni kidogo tu kinakufa, na kikifa hakifufuki. Kwa hiyo kila chupa tuliipuliza nitrojeni kwa sindano kabla ya kuitumia. Lakini tuliipuliza kwa ubahili, maana mtungi wa gesi ukiisha unangoja wa kutoka Nairobi mpaka unasahau ulichokuwa unafanya.

Kazi ya kuosha chupa tulimpa Mama Galgalo. Alikuwa mama wa Kulamawe aliyeuza maziwa ya ngamia hapa mjini miaka mingi, mpaka mgongo ukakataa kubeba madumu. Mtu wa maneno machache, msafi kupita kiasi. Ukiingia maabara na viatu vya vumbi anakutazama viatu, hasemi kitu, na wewe mwenyewe unatoka. Guyo alimpenda kama mamake. Siku ya kwanza alimshika mkono akampeleka kwenye rafu, akamwambia, "Mama, chupa hizi zitunze kama vibuyu vyako vya maziwa." Mama Galgalo akaitikia kwa kichwa. Nilikuwepo, nilisikia, na sikuona lolote la kushangaza.

Sasa sikieni balaa.

Kimeng'enya kikiwa kizima, katika hali tuliyokiweka, mstari wake una vilima vitatu vilivyoachana. Mimi nilivijua kama mnavyojua sura za jirani zenu. Safari ya kwanza tangu Mama Galgalo aanze kazi, Mutiso alichora mstari, vikatokea viwili. Viwili, vimekaribiana, vimenyooka safi kabisa. Tukarudia. Viwili.

Profesa wa pale chuoni, tuliyeshirikiana naye, alikuja akachungulia, akasema bila hata kukaa, "Sampuli zimeharibika njiani. Isiolo mnaingiza hewa." Mutiso akanung'unika kwenye sweta yake, "Hewa huua kimya. Hapa hakuna kimya. Hiki kimeshikwa na kitu." Akafungua vitabu vyake, akanigeukia. "Mama Mwenda, huko kwenu mnapikia jiko la makaa ndani ya maabara?"

Nilimpandia juu! Nikamwambia sisi si washamba, tuna stima, tuna meza za mawe, na chai tunanywea nje. Akasubiri nimalize. Akaniambia hao bakteria wameshikwa na ile gesi ya makaa, ile inayoua watu waliolala na jiko nyumba ikiwa imefungwa. Inapenda chuma. Inakaa pale pale kwenye chuma cha kimeng'enya, na kazi inasimama.

Profesa hakuwa na habari na makaa. Aliongea na Guyo kwa simu, na mimi nikiwa hapo hapo. Safari moja zaidi, akasema. Zikija tena hivi, bakteria watakuzwa Nairobi, na Isiolo itabaki ya kuchota matumbo na kutuma.

Nilimkuta Guyo ameketi kwenye ngazi ya lile ghala. Hakunisalimia hata. "Kuchota na kutuma," akasema. "Ndivyo tumekuwa siku zote, Mama Mwenda. Ngamia wanaenda, maziwa yanaenda, watoto wenye akili wanaenda. Nilitaka kitu kimoja kifanyike hapa mpaka mwisho." Niliumia kweli, kwa sababu lile ghala lilikuwa limeshakuwa langu pia.

Tulitafuta hiyo gesi kama watu waliopoteza pete. Tulishuku jenereta, kwa sababu stima hapa mnaijua. Tukaisukuma mpaka karibu na ua, tukaziba dirisha. Tukabadilisha mpira wa mtungi. Guyo alifungua chupa moja moja kwa mikono yake, akaangalia vifuniko, akainusa kila moja kama kuna harufu mbaya. "Hizi ziko sawa," akasema. Nami nikamwamini, maana yeye ndiye daktari na pua anayo.

Jioni moja nikiwa nafuta meza, Mutiso akanijia kichwani na sweta yake. Pima tupu kwanza. Tulikuwa tumechunguza kila kitu chenye kitu ndani! Nikaenda kwenye rafu ya chupa safi ambazo hazijatumika, nikachukua moja, nikaing'oa kifuniko, nikaileta puani.

Woi! Moshi. Moshi mtamu wa kuni za porini, kama wa kibuyu cha maziwa. Nikafungua ya pili. Moshi. Ya tatu, moshi.

Nikamwita Guyo. Nikampa chupa, nikamwambia anuse. Akanusa, akaniangalia bila kuelewa. "Harufu ya kawaida," akasema. Nikamwambia, "Kawaida ya nani?" Akanusa tena, polepole, akafunga macho. Niliona uso wake ukibadilika.

Kwa nyinyi mliozaliwa kwenye nyumba za mawe, nitaeleza. Mama wa Kiborana hatii maziwa kwenye kibuyu kilichooshwa tu. Anachukua kijiti cha moto cha mti anaoujua, anakizungusha ndani mpaka moshi umeshika, anafunga mdomo moshi usitoke. Hivyo maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika, na yana ile ladha. Chombo kisichofukizwa ni aibu kwa mwenye nyumba. Sasa Mama Galgalo aliambiwa na daktari mwenyewe, zitunze kama vibuyu vyako. Akazitunza. Kila jioni sisi tukishaondoka alikaa nyuma ya ghala na moto wake mdogo, akafukiza chupa moja baada ya nyingine, akazifunga upesi. Nitrojeni yetu ya kibahili haikutosha kuufukuza moshi wote, na ndani ya moshi imo ile ile gesi ya makaa.

Asubuhi tulimweleza. Guyo aliongea Kiborana, polepole, macho chini, lakini mimi niliielewa sauti. Mama Galgalo alisimama na kitambaa mkononi. Halafu akanigeukia mimi kwa Kiswahili chake. "Mama Mwenda. Kwa hivyo mimi niliua hawa wadudu?"

"Hukuua," nikamwambia. "Moshi umekaa kwenye kiti chao, ndiyo hawafanyi kazi."

"Na moshi ikitoka?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Alijifunika mtandio usoni akaenda kukaa nje, na siku hiyo hakuna chupa iliyooshwa. Guyo alitaka kumfuata. Nikamzuia, nikamwambia mama wa watu amefedheheka, mpe nafasi.

Safari ya mwisho tulienda wote wawili, mimi na Guyo. Tulibeba bakteria wa chupa zilizooshwa bila moshi, na, kwa kuwa mimi ni mbishi, nikabeba na wa chupa moja iliyofukizwa. Nilitaka profesa aone kwa macho yake kwamba tatizo halikuwa barabara wala hewa wala Isiolo.

Mutiso alipima tupu kwanza. Kimya. Akaweka wa chupa safi. Guyo alikuwa amenishika mkono wa blauzi bila kujua. Kilima cha kwanza kikapanda. Cha pili. Cha tatu. Profesa akakohoa. Tukaweka wa moshi: viwili, kama tulivyotabiri.

Ingetosha, tungerudi nyumbani. Lakini Mutiso alikuwa ameshikwa na hamu. Akachukua bakteria kidogo wa kila chupa, akawayeyusha, akawaachia hewa iwaguse kwa makusudi, wote, halafu akawapuliza gesi safi kwa muda mrefu, akawagandisha upya. Wa chupa safi mstari ukalala. Wamekufa. Wa chupa ya moshi vilima vikaanza kuinuka, vifupi, lakini vitatu. Vitatu!

"Ala," akasema Mutiso. Akavua miwani. "Moshi ulikuwa umekalia kiti, hewa ikakosa pa kukaa. Umewalinda." Akatuambia kuna watu mbali wameshaliona jambo hilo, ameshalisoma mahali. Alilokuwa hajalisoma ni la kibuyu.

Profesa alikaa chini safari hii. Alisema kazi ibaki Isiolo, na akaomba radhi kwa Guyo, kiungwana, nampa haki yake. Guyo alimshukuru akatoka nje. Nilimkuta kwenye korido ameegemea ukuta, analia kama mtoto. "Nilizifungua kwa mikono yangu," akasema. "Moshi niliusikia, Mama Mwenda. Nilisikia raha tu moyoni, nikadhani ni kwa sababu napenda kazi yangu. Hiyo ni harufu ya kibuyu alichonifungia mamangu nikienda shule. Ningeijuaje kama ni harufu?"

Vijana, hilo liwekeni kichwani mwenu. Kitu ulichokizoea hukioni, hata ukisoma mpaka ncha ya dunia. Ndiyo maana kazi hutaka mgeni.

Turudi kwa Mama Galgalo. Tulipomwambia kwamba moshi ukitoka wanaamka, na kwamba uliwalinda, hakucheka wala hakujisifu. Alisema, "Alhamdulillahi, sikuua," akaenda kuosha chupa. Lakini tukapanga utaratibu mpya. Kila safari chupa zote ziende safi, isipokuwa moja, yenye uzi mwekundu shingoni, ambayo yeye ataifukiza. Ile moja ikifika ikatoa vilima vyake viwili, tunajua bakteria walitoka hapa wakiwa wazima, maana hao hewa ya njiani haiwaui. Mutiso aliiita chupa ya mama, na jina likashika.

Mama Galgalo ametutoka, Mungu amrehemu. Alizikwa Kulamawe siku hiyo hiyo, na Guyo alikuwa kati ya walioingia kaburini kumpokea. Mimi nimestaafu, Mutiso naye amerudi Machakos na sweta yake. Chupa ya mama bado inasafiri. Anayeifukiza ni Daktari Guyo mwenyewe, amechuchumaa nyuma ya ghala, anapuliza moto, macho mekundu. Hiyo ni kazi ya wanawake, mnajua. Akina mama wa maziwa wakipita wanamtania, "Daktari, umeolewa lini?" Anacheka, anaendelea kupuliza.

Akimaliza hajiamini. Pua yake mpaka leo inamwambia ni harufu ya kawaida. Kwa hiyo, hata baada ya mimi kustaafu, kila safari ameniletea chupa hapa mlangoni ninuse. Nikisema moshi upo, inaenda.

Wiki iliyopita alikuja. "Mama Mwenda, nusa." Nikanusa. Nikanusa tena. Nikamwambia, "Guyo, leo moto wako umezimika. Hii chupa haina kitu." Akaniangalia na macho yake yanayotiririka machozi ya moshi. Hakubishana. Aliipeleka hivyo hivyo, na juzi akanipigia simu: vilima viwili, safi, kama siku zote.

Nilidhani ni uzee. Nikaingia jikoni nikanusa kitunguu, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa soksi za mjukuu wangu, Mungu anisamehe. Vyote nilivisikia vizuri. Ni moshi ule peke yake.

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni nikalia, na sikuwa na huzuni. Nilikuja hapa nikihesabu siku za kurudi kwetu.

Basi Guyo anatafuta mtu wa kunusa chupa tupu. Aje yeyote kati yenu ambaye kwao hawafukizi vibuyu. Mimi sifai tena.